Msilikate Paa la Baba

*Shangazi, baba yetu, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha magari cha Ryton hapa Coventry, alifariki mwaka jana. Ametuachia Sunbeam Alpine ya 1962, imechakaa, yenye paa lisilotoka linaloteremka hadi nyuma. Kaka yangu anataka kulikata gari liwe wazi kama lile la James Bond, kisha aliuze. Anasema baba aliuziwa gari la kuungaunga, maana hata mapezi ya nyuma yamekatwa. Mama analia tu. Nifanyeje? Binti wa Coventry*

Mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Mwambie kakako aweke msumeno chini leo hii.

Marehemu hakuuziwa gari la kuungaunga. Paa la faibaglasi linaloshuka hadi mkiani, mlango wa nyuma wa kuinua na mapezi yaliyoondolewa ni alama za Harrington Le Mans. Thomas Harrington ilikuwa kampuni ya kuunda bodi za mabasi mjini Hove, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1961 Alpine yenye paa lao ilishiriki mbio za saa 24 za Le Mans, ikiendeshwa na Peter Harper na Peter Procter, ikatwaa tuzo ya gari lililotumia mafuta kwa ufanisi zaidi. Baada ya hapo ndipo gari la aina ya lile la baba yako likaingia sokoni kwa jina la mbio hizo. Alpine zote za miaka ile zilikaribia 70,000. Za Le Mans zilikuwa takriban 250.

Kweli, katika filamu ya Dr. No ya 1962 Bond anaendesha Alpine iliyo wazi. Lakini ile ilikuwa na mapezi yake. Mkilikata paa la baba, mapezi hayatarudi. Mtabaki na gari ambalo si la Bond wala si la Harrington, na mnunuzi anayejua ataligundua kwa kulitupia jicho mara moja. Kakako anataka fedha, nami simlaumu kwa hilo, ila paa analotaka kulitupa ndilo lenye fedha.

Sasa hili linanigusa zaidi. Umeniambia mama analia, hukuniambia kama kuna aliyemuuliza anataka nini. Kwa mirathi yetu ya Kiislamu, madeni na wasia vikishatolewa, mjane mwenye watoto ana thumni yake katika kila kilichobaki, na gari limo. Kakako ana sehemu yake, nawe una yako. Hakuna kati yenu mwenye haki ya kulikata wala kuliuza peke yake. Wala kakako asikuonyeshe kadi ya gari yenye jina lake: hapo Uingereza kadi hiyo humtaja anayelitunza gari, haithibitishi umiliki. Kaeni na mama na mtu mzima mnayemheshimu, mmwite mthamini alikadirie gari lilivyo sasa, na kutu yake. Kakako akitaka fedha yake mapema na wewe unataka gari libaki, mlipe sehemu yake kwa makadirio hayo, kwa maandishi.

Mkikubaliana kulitengeneza, msianzie kwenye paa kwa sababu tu ndilo linaloonekana. Gari hili halina chasisi iliyo kando na bodi. Nguvu yake iko sakafuni na kwenye maboksi ya bati yaliyo chini ya milango, na huko ndiko kutu hula kimyakimya. Lipandisheni jeki huku mkitazama upenyo wa mlango. Upenyo ukibana, au mlango ukigoma kufunguka, maboksi yameoza. Fundi asikate bati hata moja kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango, la sivyo bodi itapinda na paa lililokaa sawa miaka sitini litapasuka au kuacha mwanya.

Paa lenyewe lina masharti yake. Dawa kali ya kuondolea rangi mabati huila faibaglasi, kwa hiyo rangi ya zamani itolewe kwa msasa na subira. Nyufa zipanuliwe hadi kwenye nyuzi nzima, zizibwe kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini. Fundi akikuambia atapiga puti nene juu ya ufa, mwage kwa heshima, kwani ufa huo utarudi juu ya rangi mpya. Na kioo cha nyuma mtu asikitoe kwa haraka, maana hakikutengenezwa kwa ajili ya Alpine za kawaida, na kikivunjika hamtakipata dukani.

Zungumza na kakako mkiwa wawili kwanza, si mbele ya watu. Mweleze habari za Le Mans. Huenda hasira yake ni ya kudhani baba alitapeliwa. Kisha andikeni pamoja nambari ya chasisi na kupiga picha za paa, mkia na kila kibao mnachokiona, mzipeleke kwa chama cha wamiliki wa Sunbeam Alpine cha Uingereza wawathibitishie mlicho nacho, kabla fundi yeyote hajapewa arubuni.