Sasisho Likikataa, Uliza Kwa Nini

Leo nataka tujifunze jambo linalowasumbua wengi katika maabara ya tarakilishi, nalo ni sasisho linalokataa kuingia. Sasisho ni marekebisho yanayotolewa na watengenezaji wa programu ili kuziba nyufa zake. Mashine huyapakua, huanza kuyasakinisha, kisha ati imeshindwa! Ukirudia, ni yale yale. Nimewaona wengine wakibonyeza tu mpaka bando likaisha. Jamani, ng'ombe asiye na maziwa utamkama mpaka lini?

Hebu tutazame kisa kimoja cha kweli. Tarehe 9 Januari 2024, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 liitwalo KB5034441. Lilikusudiwa kuziba ufa ambao ungemwezesha mtu aliyeishika mashine mkononi kuikwepa BitLocker, yaani kufuli inayolinda data iliyo katika diski. Si jambo la mzaha, kwani mwizi wa kipakatalishi angeweza kusoma siri za mwenyewe. Lakini katika mashine nyingi sasisho lilikataa, na kikatokea kosa 0x80070643. Maana yake ni kwamba usakinishaji umeshindwa, basi! Ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa" bila kusema wapi.

Tatizo lilikuwa nini? Diski hugawanywa sehemu mbalimbali, kama nyumba yenye vyumba. Katika kimojawapo, ambacho kwa kawaida hatukioni, hukaa WinRE, programu ya kuiokoa mashine inaposhindwa kuwaka. Sasisho lile lilihitaji nafasi tupu ya MB 250 humo. Microsoft yenyewe ilieleza kuwa ujumbe uliofaa kutokea ni wa kukosa nafasi, ila kasoro katika utoaji wa namba za makosa ilileta ule mwingine. Kwa hiyo watu walichungulia sebuleni, yaani diski C, wakaona nafasi chungu nzima, wakashangaa. Kumbe kilichojaa ni stoo!

Kutokana na kisa hiki, mimi napendekeza hatua tano:

1. Andika jina la sasisho na namba ya kosa kama ilivyo. Hizo ndizo dalili za ugonjwa.

2. Soma maelezo ya watengenezaji kuhusu sasisho hilo hilo. Namba moja ya kosa yaweza kuwa na sababu nyingi, kama vile homa si lazima iwe malaria.

3. Pima kabla ya kutibu. Katika kisa chetu, amri reagentc /info ilionyesha kama WinRE inafanya kazi na iko katika sehemu ipi ya diski. Mashine isiyo na WinRE haikuhitaji sasisho hilo hata kidogo.

4. Nakili kazi zako mahali pengine. Dawa ya tatizo hili ilikuwa kupunguza sehemu kuu kwa MB 250, kisha kuifuta ile ya uokoaji na kuiunda upya ikiwa kubwa zaidi. Ukikosea namba ya sehemu, kwaheri madaftari na picha zako! Kama huna uhakika, mwite mwalimu au fundi.

5. Sasa ndipo ujaribu tena, mara moja, uone kama dawa imefanya kazi.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini somo lake halijakoma. Kurudia si kutengeneza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na swali la kwanza liwe: mashine hii imekosa nini?

Zoezi: Simu inakataa sasisho kila mara. Taja mambo matatu ambayo ungeyachunguza kabla ya kubonyeza tena.