Kuzuia Staki Kujaa katika Haskell

Haskell, lugha ya programu iliyotolewa 1990, haikokotoi kitu mpaka jibu lake lihitajike. Hesabu huahirishwa, ikahifadhiwa kwenye kumbukumbu ikingoja zamu yake. Ndiyo maana orodha isiyo na mwisho hutumika humo bila taabu. Uahirishaji huohuo ndio unaojaza staki.

Chukua mfano wa orodha yenye uzito wa magunia milioni moja ya mpunga yaliyotoka Kabambare kwenda Kasongo. Bila uboreshaji wa kompaila, `foldl (+) 0` hupita orodha nzima bila kujumlisha gunia hata moja: huacha 0 + 62, kisha (0 + 62) + 58, na kuendelea hivyo. Jumla inapotakiwa kuchapishwa, kompyuta hulazimika kushuka hadi kwenye 0 ya ndani kabisa, na kila alama ya kujumlisha inayopitwa hushika nafasi yake kwenye staki. Katika GHC, kompaila ya Haskell, kabla ya toleo la 7.8 la mwaka 2014, kikomo cha kawaida cha staki kilikuwa megabaiti 8, na programu ilikatika hapo. Siku hizi kikomo ni asilimia 80 ya kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo kosa hujificha mpaka kompyuta ilemewe. Ni busara kujaribu programu kwa kikomo kidogo, `+RTS -K1M`, ili kosa lijitokeze mapema.

Dawa ya kwanza ni `foldl'`, inayokokotoa jumla katika kila hatua. Lakini haitoshi panapotafutwa wastani, ambapo jumla na idadi hubebwa pamoja kama jozi. `foldl'` huhakikisha tu kwamba jozi ipo. Namba mbili zilizomo huendelea kuahirishwa, na staki hujaa vilevile. Hapo ndipo wengi hukwama. Jozi ibadilishwe kuwa aina yenye alama ya mshangao kwa kila sehemu:

`data Hesabu = Hesabu !Int !Int`

Kwa kuhesabia ndani ya ramani, `Data.Map.Strict` ndiyo ifaayo. Kwa `IORef`, `modifyIORef'`.

Uahirishaji usiondolewe kila mahali. Utafutaji unaoweza kusimama katikati ya orodha hufanywa vizuri na `foldr`.

Tangu GHC 9.10 ya mwaka 2024, `foldl'` imo ndani ya Prelude. Kwa kujumlisha namba, hakuna tena sababu ya kuandika `foldl`.