Mteremko wa Mfereji wa Kuoshea Kahawa

Msimu wangu wa kwanza kusimamia uoshaji katika kiwanda kimoja upande wa Mathira, tulikuwa tukipoteza kahawa nzuri bila kujua. Mfereji ulikuwa mpya, saruji imelainishwa vizuri, maji yanakimbia kweli kweli. Siku moja nikachota konzi ya kahawa nyepesi kule mwisho, nikakuta imejaa punje nene, nzito, za aina ya SL28. Niliumia. Kuna mama aliyeamka alfajiri, kwenye baridi ya Oktoba, akachuma hizo moja moja.

Kosa lilikuwa mteremko. Tuliazima mpira wa maji wa mafundi, ule unaoonyesha ndani, tukaujaza bila kuacha hata kiputo kimoja, ncha moja juu na nyingine chini. Mfereji wa mita 15 ulikuwa umeshuka sentimita 35! Mimi sasa huweka sentimita 1 kwa kila mita. Tukainua sakafu upande wa chini.

Maji ya mferejini yana kazi mbili kwa pamoja: kubeba nyepesi na kuziachia nzito zitue. Yakienda kasi mno hubeba zote. Yakizubaa, zote hulala. Kwa hiyo kina nakirekebisha kwa mbao zinazowekwa kukingama mwisho wa mfereji, naongeza moja moja huku nikitazama zinazoelea.

Kabla ya kufungua tangi la kuchachushia, sugua punje kiganjani. Zikiteleza, ute bado upo, nazo zitanata sakafuni hata mteremko uwe sawa namna gani. Zikikwaruza kama changarawe, fungua, lakini kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi huharakisha. Kahawa ikizidi maji, punje hukabana na kusogea kama uji mzito, na nyepesi hunaswa chini ya nzito. Hakuna kinachochambuka hapo.

Wafanyakazi wasukume kwa reki za mbao kuelekea maji yanakotoka, si yanakokwenda. Kila msukumo huzitikisa punje, nyepesi zikapanda na kuchukuliwa na maji.

Maji yakianza kutoka maangavu, ondoa mbao. Nzito ziingie tangi la kulowekea, maji safi, saa 24. Maji machafu yaelekee kwenye mashimo yake. Mto Ragati uko hapo chini tu, na kuna watu wanaochota maji yake.