Pima Kuba Kabla ya Kumlipa Fundi: Hesabu ya Mtambo wa Bayogesi

Mkulima anayetaka kupikia gesi itokanayo na kinyesi cha ng'ombe huulizwa na fundi: mtambo uwe wa ukubwa gani? Jibu lake ndilo linaloamua idadi ya matofali, mifuko ya simiti na kiasi cha kinyesi kitakachohitajika kila siku. Hesabu yenyewe ni ile ya tufe inayofunzwa shuleni, na mwenye boma anaweza kuifanya kwa tepu ya kupimia na kalamu.

Mitambo mingi ya kuba hujengwa chini ya ardhi kwa umbo la nusu tufe, mfano wa chungwa lililokatwa katikati na kufunikwa. Kipimo cha kwanza ni kipenyo, yaani upana wa sakafu kupitia katikati. Kikigawanywa kwa 2 hupatikana nusu kipenyo.

Ujazo

Ujazo wa tufe nzima ni 4/3 × 3.14 × nusu kipenyo mara tatu. Wa nusu tufe ni 2/3 × 3.14 × nusu kipenyo mara tatu. Sakafu ikiwa na upana wa mita 3, nusu kipenyo ni mita 1.5:

1.5 × 1.5 × 1.5 = 3.375
2/3 × 3.14 × 3.375 = mita za ujazo 7.07

Mita moja ya ujazo hubeba lita 1,000, hivyo kuba hii ina nafasi ya takriban lita 7,070. Sehemu ya juu huachiwa gesi.

Eneo la plasta

Eneo la uso wa tufe ni 4 × 3.14 × nusu kipenyo mara mbili. Kuba ni nusu yake:

2 × 3.14 × 1.5 × 1.5 = mita za mraba 14.13

Sakafu huongeza 3.14 × 1.5 × 1.5, yaani 7.07. Jumla ni mita za mraba 21.2. Plasta ya unene wa sentimita 2 itahitaji 21.2 × 0.02, yaani mita za ujazo 0.42 za mchanganyiko. Plasta ikipunguzwa, gesi huvuja.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Ujazo hapo hutoka 56.52, mara 8 ya ukweli, na gharama hupanda bure.

La pili ni kudhani kwamba kuongeza mita moja ya upana ni jambo dogo. Kuba ya upana wa mita 4 ina ujazo wa 16.75, zaidi ya mara mbili ya ile ya mita 3. Mwenye ng'ombe wachache hataweza kuilisha, na gesi itakuwa haba licha ya gharama kubwa.

La tatu ni kutopima kimo. Kutoka katikati ya sakafu hadi kileleni kimo kiwe sawa na nusu kipenyo. Kikipungua, kuba si nusu tufe kamili na hesabu hii haifai.

Vipimo hivi vichukuliwe kabla ya mtambo kujazwa. Ukishaanza kutumika, mtu asiingie ndani, kwani gesi yake inaweza kuua.

Wakulima wanashauriwa kuandika vipimo vyote kwenye makubaliano na fundi, na kuvipeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kuchimba.