Somo la Wanachama: Mkulima Katika Mabaraza ya Dunia

Ndugu wanachama, nawaandikia kutoka Songea. Nimefika huku kwa amri ya Kamati, kutazama namna wenzetu wa vyama vya ushirika wanavyoandika hesabu za mazao yao. Wakulima wa huku si wageni wa kazi hiyo. Wangoni na Wamatengo waliunda umoja wao wa ushirika wa tumbaku tangu mwaka 1936. Habari za hesabu nitazileta mkutanoni. Lakini nimepata na somo jingine ambalo sikutumwa, nami naona si haki kukaa nalo peke yangu. Somo lenyewe ni hili: mambo ya mkulima yanapoamuliwa katika mabaraza makubwa ya mataifa, sauti ya mkulima mwenyewe huingia kwa mlango gani?

Usiseme kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Soma mpaka mwisho, utaikuta karafuu yako imo.

1. Wakati hapakuwa na pa kushtakia

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, mwenyeji wangu alinichukua mpaka Makumbusho ya Majimaji hapa mjini. Hapo pana kaburi la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwezi wa Februari, 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umechukua jina lake, naye alinyongwa, na kaburi lake liko mbali na la wenzake. Wazao wake wanasema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akaonana na wazao wa Nduna, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho.

Nilisimama pale nikahesabu. Tangu 1906 hata 2023 ni miaka 117. Hao waliofiwa hawakunyamaza kwa kukosa la kusema. Walikosa pa kulisemea. Wakati ule hapakuwa na baraza lolote duniani ambalo Mngoni angeweza kulipelekea mashtaka yake. Mjerumani ndiye aliyekuwa mshtaki, ndiye hakimu, na ndiye mwenye kamba.

2. Mlango waanza kufunguliwa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mataifa yaliunda Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1922 Tanganyika ikawekwa rasmi mikononi mwa Waingereza kwa niaba ya Shirikisho hilo. Wenyeji waliruhusiwa kuandika malalamiko yao, lakini barua ilipasa ipitie kwanza katika Serikali ile ile iliyolalamikiwa, na mwenye barua hakuitwa kusema kwa kinywa chake. Ulikuwa mlango wa nusu: mkono ulipita, mtu hakupita.

Mwaka 1945 ulipoundwa Umoja wa Mataifa, mlango ulipanuliwa. Kifungu cha 87 cha Hati ya Umoja huo kililipa Baraza la Udhamini ruhusa ya kupokea malalamiko ya wenyeji na kutuma wajumbe kwenda kuzitazama nchi zilizo chini ya udhamini. Sasa mtu wa Tanganyika aliweza kuandika New York moja kwa moja, na aliweza kuomba asikilizwe ana kwa ana. Wajumbe wa Baraza walikuja Tanganyika mara ya kwanza mwaka 1948, kisha wakawa wanakuja kila baada ya miaka mitatu.

Tukumbuke, ndugu zangu, kwamba Unguja na Pemba hazikuwamo katika mpango huo. Sisi tulikuwa nchi ya himaya, si ya udhamini, na mlango huo haukuwa wetu. Basi anayejifunza na atazame kwa waliokuwa nao.

3. Wameru wapiga hodi

Mwezi wa Novemba, 1951, Serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto, na wanyama wakaswagwa.

Wameru walifanya mambo manne, nami nayaandika kwa utaratibu kwa sababu ndiyo kiini cha somo hili. Kwanza, waliungana katika chama chao cha raia wa Meru, wakawa na neno moja. Pili, waliandika habari yote. Tatu, walichanga fedha zao wenyewe, senti kwa senti. Nne, walichagua mtu wao, Kirilo Japhet, awasemee. Na wakampata wakili, Earle Seaton, mtu wa kisiwa cha Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Mwaka 1952 Japhet na Seaton walisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Kirilo Japhet huhesabiwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kusema katika baraza lile. Baraza la Udhamini lilisikitika kwa jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Shauri likaenda katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko azimio la kutaka watu warudishiwe ardhi yao likapita. Lilipofika katika Baraza Kuu lenyewe lilihitaji theluthi mbili za kura, na hazikupatikana. Kwa kura ile Wameru hawakupata shamba hata moja.

4. Je, walichuma nini?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakasema, "Kusikilizwa kuna faida gani, ikiwa kura ni ya wengine?" Swali hilo ni la haki, wala halifai kufichwa. Kusema barazani na kukata shauri barazani ni mambo mawili mbalimbali. Anayemwambia mkulima kwamba akishaingia mlangoni basi amekwisha shinda, humdanganya.

Lakini tazama yaliyofuata. Japhet aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona. Watu wakajua kwamba Serikali waliyoiogopa nayo ina pa kuulizwa, tena mbele ya macho ya mataifa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Mwaka huo huo wajumbe wa Baraza la Udhamini walifika, wakaandika kwamba Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hivi au 25. Na mwezi wa Machi, 1955, Mwalimu Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza lile lile, kwa njia ambayo Wameru walikwisha ipita. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba, 1961, miaka saba tu baada ya hao wajumbe kuandika habari yao.

Basi walichochuma Wameru ni njia. Mfano wake ni mkarafuu. Anayeupanda leo huenda asiwe yeye atakayepanda ngazi kuuchuma, lakini asiyepanda hana wa kumwachia kitu.

5. Milango ya leo

Baraza la Udhamini lilisimamisha kazi yake tarehe 1 Novemba, 1994, kwa kuwa nchi zote zilizokuwa chini yake zilikwisha pata utawala wao. Milango mingine iko wazi.

Kifungu cha 71 cha Hati ya Umoja wa Mataifa kinaliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na vyama visivyo vya Serikali, ambavyo siku hizi huitwa asasi za kiraia. Hapo mwanzo vilikubaliwa vyama 41 tu. Leo vimepita 6,000. Tangu mwaka 1996 kanuni zimeeleza wazi kwamba hata chama cha nchi moja chaweza kuomba, si vile vikubwa vya kimataifa peke yake. Chama kilichokubaliwa hukaa, huandika, na husema. Hakipigi kura.

Mfano wa karibu ni MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima wadogo ulioanzishwa Morogoro mwaka 1993. Mtandao huo umo katika umoja wa wakulima wa dunia uitwao La Via Campesina. Umoja huo ulidai kwa miaka mingi haki za mkulima ziandikwe na mataifa. Tarehe 17 Desemba, 2018, Baraza Kuu lilipitisha Tamko la Haki za Wakulima, nchi 121 zikikubali, 8 zikikataa, na 54 zikijizuia. Kura zilikuwa za Serikali. Lakini neno lilitoka shambani.

Pana jambo moja la kuangalia. Mlango ukiwa wazi kwa vyama, si chama cha mkulima tu kiingiacho. Makampuni makubwa nayo huunda vyama vyao, yana fedha za nauli na mawakili wa kuandika. Mkulima asipokwenda, kiti hakibaki kitupu. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

6. Karafuu yetu imo

Iko Tume iitwayo Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani. Kazi yake ni kuweka kanuni za vyakula vinavyouzwa baina ya nchi na nchi. Mwaka 2013 iliunda kamati ya viungo, na India ndiyo mwenyeji wa mikutano yake. Mwaka 2021 Tume ikapitisha kanuni ya karafuu kavu. Humo mmeandikwa habari za unyevu, mafuta, makonyo, karafuu zisizo na vichwa, na takataka. Kanuni hizo si sheria kwa nafsi yake, lakini Shirika la Biashara Duniani huzitazama inapotokea nchi kugombana juu ya usalama wa chakula, na nchi nyingi hutunga sheria zao kwa kuzifuata.

Kwa hiyo jamvi lako la kuanikia linazungumzwa mezani, mbali na shamba lako. Wenye kura ni Serikali. Vyama vilivyokubaliwa vyaweza kuhudhuria na kusema. Tena Serikali yaweza kupokea maoni ya wakulima wake kabla ya kwenda: barua za Codex nchini mwetu hupokewa na Shirika la Viwango Tanzania, na kwetu visiwani iko Taasisi ya Viwango Zanzibar.

Sasa yanipasa niungame jambo. Mwaka juzi ofisi moja ililetea chama chetu barua ya kuomba maoni ya wakulima juu ya usafi wa viungo. Ilikuwa kurasa 14, kwa Kiingereza. Ilifika katikati ya msimu. Nikasema nitaisoma wachumaji wakishalipwa, nikaitia mtotoni mwa meza. Nilipoitoa, siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita kwa siku 19. Ndani yake mlikuwa na swali moja rahisi: mkulima huikausha karafuu kwa siku ngapi, na mvua ikinyesha hufanyaje? Wako kina mama katika matawi yetu ambao wangelijibu swali hilo kabla chai haijapoa. Hawakuulizwa. Maoni ya wakulima wa karafuu wa kwetu hayakwenda, wala hakuna aliyetuzuia. Kosa lilikuwa langu.

Niliposimama penye kaburi la Songea niliikumbuka barua ile, nikaona haya. Wale hawakuwa na mlango. Mimi mlango ulinifuata mpaka mezani, nikaufungia mtotoni.

7. Tufanye nini?

Naomba mkutano mkuu ufikiri mambo haya:

(a) Tuchague watu watatu, mmoja awe mwanamke mwanikaji, ambao kila barua ya namna hii wataipata katika muda wa siku saba. Katibu asiwe peke yake.

(b) Kila tawi liweke daftari: siku za kuchuma, siku za kuanika, siku za mvua, na uzito wa karafuu mbichi na kavu. Neno lenye hesabu husikilizwa kuliko kilio.

(c) Tutenge fungu dogo katika ada zetu kwa tafsiri, posta na nauli. Mjumbe anayelipiwa na mwingine huenda akalazimika kusema ya mwingine.

(d) Tusipoweza kwenda wenyewe, tuingie kwa mlango wa jirani, kwa kujiunga na mitandao ya wakulima iliyokwisha kubaliwa.

(e) Anayesema kwa jina letu apewe maneno yake kwa maandishi, na akirudi asomewe hesabu mbele ya wanachama wote. Hiyo ni amana.

Maswali ya kuzungumza katika matawi

1. Kwa nini barua ya wakati wa Shirikisho la Mataifa ilikuwa dhaifu kuliko ile ya wakati wa Umoja wa Mataifa?
2. Wameru walishindwa kwa kura. Je, ungewashauri wasiende? Toa sababu.
3. Ukiulizwa leo, "Karafuu hukauka kwa siku ngapi?" tawi lako lina daftari la kuonyesha?
4. Ni nani katika tawi lako ajuaye zaidi kuliko Katibu, na hajawahi kuulizwa?

Majibu yaletwe kabla ya mkutano mkuu. Safari hii nitayasoma siku yatakapofika, In shaa Allah.

Wasalaam,
Katibu wenu