Vitamini C katika Kazi ya Kunyoosha Meno

Meno yaliyopinda hunyooshwa kwa waya mwembamba unaopitishwa katika vishikizo vidogo vilivyogandishwa juu ya meno. Waya hutoa kani ndogo kwa muda mrefu, na mfupa unaozunguka mzizi wa jino hubadilika polepole: upande unaosukumwa humomonyoka, na upande wa nyuma hujengwa upya. Kazi hiyo huchukua miezi mingi. Kishikizo kikibanduka, kani hukatika na matibabu hucheleweshwa.

Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa enameli iliyopakwa asidi ya fosfori hushikana na resini kwa nguvu zaidi. Asidi huchimba vijishimo vidogo mno; resini huingia humo ikiwa majimaji, kisha hugeuka ngumu. Ugumu huo hutokana na molekuli ndogo kuungana kuwa minyororo mirefu. Tendo hilo huitwa upolimishaji, nalo huendeshwa na radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake.

Tatizo huzuka pale ambapo meno yamekwisha kung'arishwa kwa peroksidi ya hidrojeni. Oksijeni itokanayo na peroksidi husalia katika enameli kwa muda, nayo huzinasa radikali huru kabla hazijarefusha minyororo. Hivyo gundi haigandi sawasawa. Dawa ya kawaida ni kungoja wiki 1 hadi 3 ili oksijeni itoke.

Je, muda huo waweza kufupishwa? Vitamini C hutoa elektroni kwa urahisi, na kwa hiyo hupambana na mabaki hayo ya oksidishaji. Watafiti wamepaka myeyusho wa askobeti ya sodiamu wa asilimia 10 juu ya enameli iliyong'arishwa, mara nyingi kwa dakika 10 au zaidi, kisha wakausuuza. Katika majaribio mengi nguvu ya gundi ilirudi karibu na ile ya meno yasiyong'arishwa. Vitamini E pia imejaribiwa. Kwa kuwa haiyeyuki katika maji, huyeyushwa katika alkoholi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya majaribio imefanywa maabara juu ya meno yaliyong'olewa, yasiyopatwa na mate wala kutafuna kwa miezi. Kwa sababu hiyo kungoja bado ndiyo njia ya hadhari.

Mwanafunzi asidhani kuwa kusugua limau kutafaa. Enameli huanza kuyeyuka pH ishukapo chini ya 5.5 hivi, na maji ya limau yana asidi kali kupita kiwango hicho. Askobeti ya sodiamu ni chumvi ya vitamini C, wala haina ukali huo.

Jaribio: Tia tone la iodini katika maji ya wanga hadi yawe buluu. Ongeza maji ya chungwa kidogo kidogo, ukikoroga.

Maswali:
1. Kwa nini rangi hupotea?
2. Ni kitu gani kilichotoa elektroni, na ni kipi kilichozipokea?
3. Linganisha tendo hilo na lile la enameli iliyong'arishwa.