UKIUMIA NJIANI: JINSI YA KUDAI FIDIA

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Ziwa la Ng'ombe, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, arudiye nyumbani jioni siku za masika. Maji yameifunika njia. Mguu wake waingia katika mtaro ulioachwa bila kifuniko, na mfupa wavunjika. Majirani humwambia kwamba ni kudra ya Mungu. Ni kweli, lakini mtaro una mwenyewe, na mwenyewe ana wajibu.

Swali la kwanza: mwenyewe ni nani? Kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara za kaunti, taa za njiani na mitaro ya maji ya mvua ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Barabara kuu, kama ile iendayo Malindi, na baadhi ya barabara za mjini, husimamiwa na mamlaka za taifa zilizowekwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Amshtakiye asiyehusika hupoteza wakati na fedha.

Swali la pili ni ushahidi. Kuumia peke yake hakutoshi. Mdai hana budi kuonyesha kwamba mwenye njia aliijua hatari ile, au alipasa kuijua, naye hakuiondoa wala hakuweka alama. Tena kwamba jeraha lilitokana na hatari hiyo. Kwa hiyo na apige picha ya mahali penyewe kabla hapajafukiwa, aandike majina ya mashahidi, atoe habari polisi, na atunze karatasi za hospitali na stakabadhi zote za dawa. Kama wakazi walikwisha kupeleka barua kulalamikia shimo hilo, nakala yake ina thamani kubwa. Lakini mahakama ikiona kwamba mdai naye hakuangalia aendako, yaweza kumpunguzia fidia.

Swali la tatu ni wakati. Adaiwaye akiwa mtu binafsi, sheria yatoa miaka 3. Lakini shauri la namna hii juu ya Serikali au mamlaka ya mji sharti lifunguliwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali. Kaunti zilirithi kazi za mabaraza ya miji mwaka 2013. Basi mwenye busara huhesabu miezi 12, si zaidi. Ahadi za maofisini hazisimamishi hesabu hiyo, wala barua ya wakili haiisimamishi. Litakiwalo ni shauri kufunguliwa mahakamani.

Asiye na fedha za wakili na aulize msaada wa kisheria wa taifa, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Tena ajue mapema kwamba mali ya Serikali haikamatwi na dalali wa mahakama. Mshindi hupewa hati ya deni, na asipolipwa huomba amri ya kumlazimisha afisa ahusikaye alipe.

Njia hiyo ni ndefu, na wengi hungoja mfupa uunge ndipo waianze. Ngoja ngoja huumiza matumbo: mgonjwa akiwa bado kitandani, jamaa zake na waanze kukusanya karatasi.